Kukagua Mchwa Kabla ya Kununua Nyumba: Je, Ni Kumdhania Vibaya Muuzaji?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi na mume wangu tumekaa nyumba ya kukodi miaka kumi na moja. Mwaka huu, Alhamdulillah, tumepata nyumba ya kununua hapa Unguja. Fedha ni akiba ya mume wangu pamoja na dhahabu yangu ya mahari ambayo nimeiuza. Mume wangu anataka kumleta fundi apande darini atizame kama kuna mchwa. Muuzaji ni mzee tunayeswali naye msikiti mmoja. Aliposikia habari hiyo alikasirika, akasema, "Kwani mnaniona mimi mwizi?" Baba mkwe wangu naye ametwambia tuache, kwa sababu hiyo ni dhana mbaya kwa Muislamu mwenzetu. Je, tunafanya makosa? Na tukinunua bila ya kukagua, kisha tukakuta mchwa, sharia inatupa haki gani?

JIBU

Wa alaykumu ssalam warahmatullahi wabarakatuh, dada yetu. Hamfanyi makosa. Kukagua nyumba kabla ya kuinunua ni jambo jema, na kwa fedha kama hizo mlizozikusanya kwa miaka mingi ni jambo la lazima kwa mwenye akili. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza namna ya kukagua na haki za kila upande, inshaAllah.

1. Kukagua si kutuhumu

Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, ametukataza kuwadhania watu vibaya. Lakini dhana mbaya ni kumhukumu mtu moyoni mwako kwa jambo ambalo huna ushahidi nalo. Fundi anayepanda darini na tochi hamuhukumu mtu. Yeye haulizi tabia ya muuzaji, anauliza hali ya mbao.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inawaamrisha walioamini wanapokopeshana kwa muda waandikiane na waweke mashahidi. Wanaoambiwa hivyo ni waumini wenyewe kwa wenyewe. Hakuna Sahaba aliyesema, "Kwa nini tuandikiane, kwani sisi wezi?" Walifahamu kwamba maandishi yanalinda udugu wao usije ukavunjika kwa sababu ya mali.

Na tutizame alivyofanya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Imepokewa na Abu Hurayra (R.A.) katika Sahihi Muslim kwamba alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani yake, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye chakula, yule alijitetea kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamwambia kwa nini basi hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayupo pamoja naye. Watu wengi tunaikumbuka sehemu ya mwisho ya hadithi hii na kuisahau ile ya mwanzo. Mkono uliingizwa ndani ya chakula. Hakutosheka na kile kilichokuwa juu.

Zaidi ya hayo, muuzaji mkweli kabisa anaweza kuwa hajui kilichomo ndani ya nyumba yake. Mzee wa watu hapandi darini. Mchwa wanaweza kula kenchi juu ya kichwa chake na yeye amelala kwa amani.

2. Mdudu anayekula kutoka ndani

Qur'ani yenyewe imetupa habari ya mdudu huyu. Katika Surat Sabai, aya ya 14, tunaelezwa kifo cha Nabii Suleiman (A.S.). Alikufa naye ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu wakidhani yu hai, mpaka mdudu wa ardhi alipoila ile fimbo akaanguka. Wafasiri wanasema mdudu huyo ndiye mchwa. Muda wote huo kilichoonekana kwa nje kilikuwa kimesimama sawasawa. Na nyumba ni hivyo hivyo: kusimama kwake leo si ushahidi kwamba ni nzima.

Mchwa hukimbia mwangaza na ukavu. Kwa hiyo hula sehemu ya ndani ya mbao na kuacha ganda la nje, na rangi juu yake ikabaki inang'ara. Wanaotusumbua majumbani ni wa aina mbili.

Wa kwanza ni mchwa wa ardhini. Kiota chake kimo udongoni, naye huhitaji unyevu. Hupanda nyumbani kwa kujenga vijia vya udongo, vyembamba kama kalamu, juu ya msingi na kuta, au hupita katika nyufa za sakafu na pembeni mwa mabomba mahali asipoonekana. Nyumba ya mawe au matofali haimzuii. Yeye hatafuti jiwe, anapita tu kwenda kwenye fremu za milango, makabati na mbao za paa.

Wa pili ni mchwa wa mti mkavu. Huyu hahitaji udongo kabisa. Anaishi ndani ya mbao hiyo hiyo anayoila, na anaweza kuingia nyumbani ndani ya kitanda au mlango wa zamani ulionunuliwa mnadani. Dalili yake ni chembe ndogo ngumu kama mchanga, zinazodondoka kutoka kwenye vitundu na kukusanyika chini. Ukikuta unga laini kama wa sembe, mara nyingi huyo ni mdudu mwingine atoboaye miti, naye pia anahitaji kushughulikiwa.

3. Mambo ya kutizama

Nendeni mchana, mukiwa na tochi na bisibisi, na muombe ruhusa ya mwenye nyumba kwa kila mnachotaka kukigusa.

Anzeni nje. Zungukeni msingi wote. Tizameni vijia vya udongo ukutani, kuni au mbao zilizoegemezwa ukuta, visiki vilivyoachwa ardhini, na mahali ambapo udongo au mchanga umepanda mpaka usawa wa sakafu. Tizameni pia maji ya choo, ya bomba na ya paa yanakwenda wapi, kwa sababu penye unyevu wa kudumu ndipo mchwa wa ardhini wanapopendelea.

Ndani, anzieni chooni na jikoni. Gongeni miimo na vizingiti vya milango kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima hutoa sauti nzito, na iliyoliwa hutoa sauti ya mvungu. Bonyezeni kwa ncha pale chini kabisa, mwimo unapokutana na sakafu. Ombeni makabati yasogezwe, kwani ukuta wa nyuma ya kabati huenda haujatizamwa kwa miaka. Rangi iliyovimba juu ya mbao, mlango ulioanza kukwama bila ya sababu, na mbawa nyembamba zilizorundikana dirishani, zote ni dalili. Mbawa hizo ni za kumbikumbi, nao ni mchwa wenyewe wanaporuka kwenda kuanzisha viota vipya, hasa baada ya mvua.

Kisha paa. Hapa ndipo pa fundi. Kama kuna dari ya gipsamu au silingi bodi, lazima apatikane mahali pa kupandia, hata ikibidi kufungua kipande kimoja na kukirudisha kwa gharama yenu. Kenchi za msonobari usiotiwa dawa ni chakula chepesi kwa mchwa. Na kwa anayenunua Mji Mkongwe, zile boriti za mikoko zinazobeba sakafu za ghorofa zitizamwe ncha zake, pale zinapoingia ukutani. Mkoko ni mti mgumu, lakini ncha iliyokaa miaka ndani ya ukuta unaovuja huoza kwanza, na wadudu hufuata.

Mukikuta kijia cha udongo, msikisafishe chote. Vunjeni kipande kidogo katikati, kisha rudini baada ya siku chache. Kikiwa kimezibwa upya, mchwa wamo na wanafanya kazi. Kisipozibwa, huenda wamehama, au wamebadilisha njia tu. Kwa hiyo bado mbao zikaguliwe.

Fundi awe ni mtu wenu, sio wa muuzaji wala wa dalali. Ni bora pia asiwe yule yule atakayewauzia dawa, ili asiwe na faida katika kukuta mchwa wala katika kutowakuta. Aandike alichokiona, mahali alipokiona na tarehe, na apige picha.

Na muuzaji akisema, "Nyumba imeshapigwa dawa," muulizeni dawa gani, lini na wapi. Kupaka mbao oili chafu hakumfikii mchwa aliyekwisha kuwa ndani. Na zile dawa kali za zamani, kama aldrini na dieldrini, zimo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 wa kuziondoa sumu zinazodumu muda mrefu katika mazingira. Sisi watu wa visiwa, mawe yetu ya matumbawe hupitisha maji haraka, na sumu iliyomwagwa msingini inaweza kuishia kisimani. Hilo ni jambo la kulitafakari kabla ya kumwaga dawa yoyote.

4. Wajibu wa muuzaji, dalali na jirani

Muuzaji anayeijua kasoro ni wajibu kwake kuibainisha. Imepokewa na Uqba bin Amir (R.A.), katika Sunan Ibn Majah, kwamba si halali kwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye aibu bila ya kumuonyesha. Hapa hakuna sharti la kuulizwa. Mwenye kusema, "Mbona hakuniuliza?" hana hoja.

Kunyamaza ni dhambi, na kuficha kwa mikono ni dhambi kubwa zaidi. Mtume (S.A.W.) amekataza, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, mtu kumuacha ngamia au mbuzi bila ya kumkama siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani mnyama ni wa maziwa mengi. Akampa mnunuzi aliyedanganywa hiari ya kumrudisha. Basi ndugu yangu, anayekwangua vijia vya mchwa, akaziba vitundu kwa lami au gundi, akapaka rangi mpya wiki moja kabla ya kuleta wanunuzi, tofauti yake na yule mwenye kiwele ni ipi? Rangi ya kupendezesha nyumba haina ubaya. Rangi ya kuficha ni ghushi.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wamesema pia kwamba mtu mwingine anayeijua aibu, hata kama si mwenye mali, inamlazimu kumueleza mnunuzi. Hilo linamgusa dalali moja kwa moja, na ujira wake hauwi kisingizio. Linamgusa fundi aliyewahi kutengeneza paa hilo, na jirani anayejua. Na kumueleza mnunuzi si kusengenya, bali ni nasaha, madhali umetaja kasoro ya nyumba na hukuzidisha aibu za watu.

5. Haki za mnunuzi baada ya kununua

Mauziano yaliyofichwa aibu huwa yamesihi, lakini mnunuzi anapata khiyari ya aibu, yaani hiari ya kurudisha nyumba na kurejeshewa fedha zake zote. Masharti yake makubwa ni haya: kasoro iwe inapunguza thamani au manufaa ya nyumba; iwe ilikuwepo kabla mnunuzi hajakabidhiwa; na awe hakuijua. Mchwa ndani ya kenchi ni aibu bila ya shaka.

Katika madhehebu ya Shafii haki hii ni ya papo hapo. Haimaanishi akimbie usiku wa manane. Maana yake ni kwamba akishajua asicheleweshe bila ya udhuru, na asiendelee kuitumia nyumba kama aliyeridhika. Amjulishe muuzaji mara moja, mbele ya mashahidi au kwa maandishi yenye tarehe. Miezi aliyokaa kabla ya kujua halipi kodi yake, kwa sababu muda huo nyumba ilikuwa katika dhamana yake.

Ikiwa kuirudisha kumeshindikana, kwa mfano imetokea kasoro nyingine mikononi mwa mnunuzi na muuzaji hakubali kuipokea hivyo, mnunuzi hurudishiwa fidia ya upungufu. Hesabu yake ni hivi: wajuzi waseme nyumba ikiwa nzima ingekuwa na thamani gani, tuseme milioni 50, na ikiwa na mchwa, tuseme milioni 40. Upungufu ni moja ya tano. Kama aliinunua kwa milioni 45, atarudishiwa moja ya tano ya bei hiyo, yaani milioni 9. Katika madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal, mnunuzi ana hiari tangu mwanzo: arudishe nyumba, au abaki nayo na kuchukua fidia.

Na muuzaji akiandika katika mkataba, "Nauza kama ilivyo, sina jukumu la kasoro yoyote"? Kwa Mashafii, neno hilo halimtoi katika jukumu la kasoro ya nyumba, na kwa kasoro anayoijua na kuificha, bado dhambi yake iko pale pale.

6. Kwa nini basi kukagua mwanzo?

Mtu anaweza kusema, "Kama sharia imenipa haki ya kurudisha, nikague ya nini?" Jibu ni kwamba haki hiyo inasimama juu ya ushahidi, na hapo ndipo mchwa wanapotatiza. Ufa mkubwa ukutani kila mtu ataona kwamba ni wa zamani. Lakini mchwa waliokutwa mwezi wa sita baada ya kuhamia, nani atasema waliingia lini? Mnunuzi atasema walikuwemo. Muuzaji atasema wameingia kwako. Ikiwa yote mawili yanawezekana na hakuna wajuzi waadilifu wa kulithibitisha, neno litakalokubaliwa ni la muuzaji pamoja na kiapo chake. Nimekaa katika vikao vya namna hii zaidi ya kimoja. Mara nyingi fedha hazirudi, na watu waliokuwa wakiswali safu moja wanaanza kupishana njia.

Ukaguzi wa nusu siku unaikata fitina hiyo. Unailinda mali ya mnunuzi na unailinda dini ya muuzaji, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayekuja kumlaumu kwa jambo lililotizamwa na pande zote mbili.

Kama mmeombwa arbuni ili nyumba isiuzwe kwa mwengine, andikianeni kwamba mkikuta mchwa na msipokubaliana bei, fedha inarudi yote. Mashafii hawaoni kuwa ni halali muuzaji kuila arbuni biashara inapovunjika, Mahanbali wameruhusu. Maandishi yatakutoeni katika khitilafu. Mnaweza pia kushurutisha hiari ya siku tatu baada ya mkataba, nazo ndizo ukomo wake kwa Mashafii, lakini bora kazi yote imalizike kabla ya kutamka "nimeuza" na "nimenunua". Na mkataba upite kwa sheha na kwa wakili, ukiambatanishwa na maandishi ya fundi.

7. Neno kwenu, na neno kwa wauzaji

Mimi mwenyewe nimewahi kutahiniwa. Tulipoiuza nyumba ya marehemu mama yetu, kuligawa fungu la kila mrithi, tuliposogeza kabati la chumbani tulikuta vijia vya mchwa vimepanda mpaka kwenye dari. Ndugu yangu mmoja alikuwa ameshaleta makopo mawili ya rangi. Akaniambia, "Sheikh, mnunuzi mwenyewe hajauliza kitu." Sikumjibu siku ile, na sioni haya kusema kwamba nililala nalo usiku mzima, kwa sababu dada yetu alikuwa akilingojea fungu lake kwa matibabu. Asubuhi nilikwenda kwa mnunuzi nikamchukua mpaka nyuma ya kabati. Bei ilishuka, na mafungu yetu yakapungua sote, likiwemo la yule dada. Sisi ndugu tukachangishana kumfidia. Mama yetu hakutuachia nyumba ili tumdanganye mtu kwa jina lake.

Dada yetu, nakushauri mume wako na baba mkwe wako waende pamoja nyumbani kwa yule mzee, wasizungumze naye barazani wala mlangoni mwa msikiti. Wamwambie, "Mzee wetu, sisi tunakuamini wewe. Tusiowaamini ni mchwa. Fundi atatutizamia sisi na wewe, na atakachokiona hatutakitangaza." Kisha waitimize ahadi hiyo. Akikubali, mtakuwa mmeikuza heshima yake. Akiendelea kukataa kabisa mtu asipande darini, msimtuhumu kwa lolote, lakini msitoe fedha. Kuacha kununua si dhambi, na Mwenyezi Mungu atakupeni nyengine iliyo bora.

Namuomba Mwenyezi Mungu akujaalieni nyumba yenye baraka na utulivu, na atujaalie sote ukweli katika kuuza kwetu na kununua kwetu. Amin.

Wallahu Aalam.